Shahada za ugavi zisiishie makabatini

Kila msimu wa mahafali uwadiapo katika vyuo vikuu vilivyouzunguka Mlima Kenya, majoho huvaliwa, vigelegele huhanikiza, na orodha ndefu ya majina husomwa mbele ya wazazi na jamaa. Miongoni mwa majina hayo, idadi isiyo haba huwa ya watu waliohitimu shahada ya uzamili katika taaluma ambayo miaka thelathini iliyopita haikutajwa sana katika sehemu hizi, yaani usimamizi wa ununuzi, ugavi na uchukuzi wa bidhaa. Wengi wao ni maafisa wa serikali za kaunti, makarani wa bohari, wahasibu wa vyama vya ushirika na hata walimu walioamua kujaribu njia nyingine. Wamesoma jioni na siku za Jumamosi, wamelipa karo kwa mikopo ya vyama vya akiba, na wamelala wakikoroma juu ya vitabu. Wanastahili pongezi.

Hata hivyo, siku iyo hiyo ya mahafali, mwendo mfupi tu kutoka viwanja vya sherehe, si ajabu kumkuta mama katika soko la Karatina akiziuza kabichi zake kwa bei isiyotosha hata nauli ya kumrudisha nyumbani. Si ajabu kumkuta mgonjwa wa kisukari akiambiwa kwamba dawa yake imekwisha na arudi wiki ijayo. Aidha, si ajabu kumkuta mkulima wa kahawa asiyeweza kueleza ni nani alichukua kiasi gani kati ya shina lake na kikombe cha mnywaji wa Ulaya.

Matatizo yote haya matatu ni ya ugavi. Basi swali linalonikera, na ambalo ningependa walimu na wanafunzi wenzangu walitafakari, ni hili: mbona wataalamu wa ugavi wanazidi kuongezeka ilhali shida za ugavi ziko pale pale?

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Kabla ya kulaumu, yafaa tukumbuke jinsi shahada hizi zilivyozaliwa. Mwaka 2005 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya ununuzi wa mali ya umma, kwa shabaha ya kuzima ufisadi wa zabuni uliokuwa umeigharimu nchi pakubwa. Mwaka 2007 ikafuata sheria ya kuwasimamia wataalamu wa ugavi, ambayo iliunda chama chao rasmi kijulikanacho kwa kifupi kama KISM. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 227, ikaagiza kwamba kila ununuzi wa umma ufanywe kwa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Mwaka 2013 serikali 47 za kaunti zikaanza kazi, kila moja ikihitaji idara yake ya ununuzi. Mwaka 2015 sheria mpya ikachukua mahali pa ile ya 2005. Kwa ufupi, katika muda wa miaka kumi, nchi ilijitengenezea njaa kubwa ya watu wanaojua kununua kwa mujibu wa sheria.

Wakati uo huo vyuo vikuu vikachipuka kama uyoga baada ya masika. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambacho mizizi yake ni taasisi iliyojengwa kwa harambee ya wananchi wa Nyeri katika miaka ya 1970, kilipata hati yake Desemba 2012. Mwaka 2013 vikafuata Chuka, Karatina na Meru, na mwaka 2016 Embu, Kirinyaga na Murang'a. Vyuo vikuu saba vya umma kuuzunguka mlima mmoja, kwa muda wa miaka minne hivi! Upande wa kusini, pale Juja, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilikwisha kujijengea jina kwa shahada ya uzamili ya ununuzi na uchukuzi. Wenye njaa walikuwepo, na wapishi wakawepo. Hapana ubaya wowote katika hilo.

Mimi si mtaalamu wa biashara. Kazi yangu ni maneno, na huenda msomaji akauliza mwanaisimu ametafuta nini bohari. Jibu langu ni kwamba taaluma hujulikana kwa majina yake, na ukiyachunguza majina ya taaluma hii utaona mahali ilipopotoka njia.

Kuna maneno matatu ya Kiswahili ambayo ndiyo nguzo za somo hili. La kwanza ni ununuzi, litokanalo na kitenzi nunua. La pili ni uchukuzi, litokanalo na chukua. La tatu ni ugavi, nalo ndilo lililoficha asili yake zaidi. Wengi hudhani ni istilahi ya ofisini iliyobuniwa juzi, kumbe ni mtoto halali wa kitenzi gawa. Kama vile lewa linavyozaa mlevi na ulevi, ndivyo gawa linavyozaa mgavi na ugavi. Kwa hivyo mgavi, kwa maana ya asili, si mtu wa kununua tu. Ni mtu wa kuhakikisha kwamba kila anayestahili fungu amelipata, kwa kipimo chake na kwa wakati wake, pasipo kupunjwa.

Wenzetu wa Tanzania, mwaka uo huo wa 2007, waliunda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, wakayaweka maneno mawili bega kwa bega. Lile la uchukuzi walikuwa wamelijengea nyumba yake zamani, kwani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1975. Hapa kwetu shahada nyingi hubeba dhana zote tatu katika majina yake ya Kiingereza, lakini ukiingia darasani, na hasa ukizifungua tasnifu zenyewe, utaona kwamba ununuzi umewameza ndugu zake wawili. Mwanafunzi hufundishwa jinsi ya kutangaza zabuni, kufungua bahasha, kulinganisha bei na kuandika kumbukumbu za kamati. Ni mambo ya lazima. Lakini zabuni ikishatolewa na hundi ikishaandikwa, mzigo bado haujaondoka ghalani. Safari ndiyo kwanza inaanza, na hapo ndipo masomo yetu huishia.

Jambo hili linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba Kiswahili chenyewe ni lugha iliyopanda bara kwa miguu ya wachukuzi. Kabla ya mshauri wa biashara Keith Oliver kulipa umaarufu jina la usimamizi wa mnyororo wa ugavi mwaka 1982, na hata kabla ya mwandishi wa mambo ya vita Jomini kulieneza neno la Kifaransa lililozaa lojistiki katika kitabu chake cha mwaka 1838, misafara ilikuwa ikitoka pwani kuelekea Tabora na Ujiji ikiwa na mpango kamili. Palikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, mpagazi mwenye mzigo uliopimwa, posho iliyohesabiwa kwa siku, na kambi zilizojulikana kwa maji yake. Baharini palikuwa na nahodha, shehena na hamali. Lugha yenye maneno kama hayo haiwezi kuitwa maskini katika taaluma hii.

Tena historia yetu inatufundisha kwamba ugavi mbaya huua. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu kwa maelfu ya Waafrika walilazimishwa kuyabebea majeshi ya Uingereza chakula na risasi. Makumi ya maelfu yao walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa maradhi, njaa na uchovu, kwa sababu wale waliobeba chakula hawakupangiwa chakula cha kuwatosha. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililobaki katika mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Mwanafunzi wa ugavi apitapo Kariokor bila kujua hayo amelipita kaburi la somo lake.

Sasa niruhusuni nisimulie kisa kimoja. Miaka michache iliyopita nilijiwa na mwanafunzi wa uzamili, chuo chake sikitaji, aliyetaka nimtafsirie hojaji yake kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Alikuwa akitafiti vyama vya ushirika vya kahawa. Swali la kwanza lilimtaka mhojiwa aeleze, kwa kipimo cha moja hadi tano, ni kwa kadiri gani anakubali kwamba mikakati ya uhusiano na wagavi imeathiri utendaji wa shirika. Maswali mengine thelathini na ushei yalikuwa ya sampuli hiyo hiyo.

Nilijaribu kutafsiri nikakwama. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, katika chama cha kahawa, mgavi ni nani? Ni mkulima anayeleta kahawa, au ni duka linalouza mbolea?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, hapo sijui vizuri. Lakini ndivyo wote huandika. Nilibadilisha tu jina la shirika."

Nikafunga karatasi zile, nikamwomba anieleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi kahawa ya baba yake inavyosafiri. Uso wake ukabadilika. Alieleza kwamba matunda mabivu yakichumwa asubuhi ni sharti yamenywe siku iyo hiyo, la sivyo yataanza kuchacha na kuharibika. Alieleza foleni ya jioni kiwandani, mzani unaotiliwa shaka, na jinsi kilo sita au saba za matunda zinavyozaa kilo moja tu ya kahawa safi. Alieleza kuhusu vitanda vya kuanikia, mvua inayonyesha ghafla, walinzi wa usiku na wezi wanaokuja na malori. Akaendelea hadi kwenye kinu, kwenye madaraja ya AA na AB, kwenye mnada wa Nairobi, kisha kwenye bandari ya Mombasa. Alijua mahali kila siku moja inapopotea, na mahali kila shilingi inapodondoka. Alizungumza karibu saa nzima, kwa Kiswahili fasaha, na hakuna hata neno moja la hayo yote lililokuwa katika tasnifu yake.

Tatizo la kijana yule halikuwa lugha ya Kiingereza, wala halikuwa uvivu. Alikuwa amefundishwa kwamba elimu aliyokuja nayo kutoka nyumbani si elimu, na kwamba utafiti ni kuwauliza makarani maoni yao kuhusu maneno makubwa, kisha kuyapitisha majibu katika kompyuta hadi yatoe jedwali. Huo ndio msiba ninaousema. Tasnifu ya namna hiyo hujaza rafu ya maktaba, humpandisha mwenyewe cheo, na kisha haifunguliwi tena na kiumbe yeyote.

Ilhali maswali ya kweli yamelala mlangoni mwa kila chuo nilichokitaja. Tuchukue soko la Karatina na lile la Kagio kule Kirinyaga. Kila mwaka bei ya nyanya hupanda kwa kishindo na kushuka kwa kishindo. Bei ikipanda, kila mtu hupanda nyanya. Baada ya miezi mitatu hivi nyanya zote huiva pamoja, bei huporomoka, wakulima huapa kutozipanda tena, na baadaye bei hupaa upya. Wataalamu wana jina la jambo la jamaa moja na hili, nalo ni athari ya mjeledi: mkono ukitikisika kidogo, ncha ya mjeledi hurukaruka sana. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza mwenendo wa aina hiyo viwandani mwaka 1961, na hadi leo wanafunzi hufundishwa kwa mchezo wa watu wanne wanaoagiziana bia bila kuonana. Mwalimu yeyote wa shule ya upili aweza kuufanya mchezo huo darasani kwa nyanya: mmoja awe mchuuzi, wa pili awe muuzaji wa jumla, wa tatu awe dalali, na wa nne awe mkulima. Baada ya nusu saa wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba hasara hutokea hata pasipokuwa na mwizi, kwa sababu tu habari huchelewa kufika.

Tuvuke twende Meru. Miraa ya Igembe huchumwa, hufungwa katika majani ya migomba ili isikauke, na ni lazima imfikie mtafunaji kabla ya siku mbili hivi kwisha, maana baada ya hapo haina thamani. Biashara hiyo imejipangia wachumaji, wafungaji, madereva na ndege pasipo mtu mwenye shahada ya uzamili kuwaelekeza. Ilitikiswa Uingereza ilipoipiga marufuku miraa mwaka 2014, na ikatikiswa tena Somalia ilipofunga mlango kuanzia mwaka 2020 hadi 2022. Kadhalika, mbio za magari yake zimeacha wajane na mayatima barabarani. Je, hapo hamna tasnifu? Mtafiti angeweza kupima ni saa ngapi hupotea kati ya shamba na uwanja wa ndege, na ni wapi saa hizo zingeokolewa ili dereva asilazimike kushindana na mauti.

Ama avokado ya Murang'a na Nyeri, nayo ina darasa lake. Tunda hilo husafiri kwa meli hadi Ulaya ndani ya kontena lenye baridi. Mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi kuzungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ikarefuka kwa siku nyingi, na tunda lililozoea kufika likiwa gumu likawa katika hatari ya kufika limelainika. Mkulima wa Kandara, ambaye huenda hajapata kuiona bahari, alifikiwa na vita vya Yemeni shambani mwake. Hapo utaona maana ya mnyororo: pete moja ikivutwa mbali, pete ya mwisho hulia.

Mfano wa nne ni wa afya. Desemba 2018 Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti nne, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos, zilizoteuliwa kuujaribu mpango wa afya kwa wote. Ada zilipoondolewa katika hospitali za kaunti, wagonjwa waliongezeka. Jambo hilo halikuhitaji mtabiri. Lilihitaji mtu wa kukokotoa ni chupa ngapi za insulini zinazopaswa kuwekwa katika hospitali ya Mukurweini, ni lini ziagizwe upya, na ni wapi pana jokofu la kuzihifadhi. Kanuni ya kukokotoa kiasi cha kuagiza si ngeni, kwani Ford Whitman Harris aliichapisha huko Marekani mwaka 1913. Imefundishwa kwa zaidi ya miaka mia moja, imeulizwa katika mitihani isiyohesabika, lakini ni mara ngapi mwanafunzi wetu ametumwa hospitalini kuitumia akiwa na daftari la dawa mbele yake?

Na kuhusu njia, serikali imetumia fedha nyingi. Barabara pana ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, ilianza kujengwa mwaka 2020. Mwaka uo huo reli ya zamani ya kwenda Nanyuki, iliyokuwa imemezwa na nyasi, ilifufuliwa na gari la moshi likaonekana tena. Ni busara tujiulize ni mizigo gani ya mlimani inayofaa kupanda reli na ni ipi isiyofaa, kwa gharama gani, na kwa sababu gani mwenye kabichi bado huona lori ni bora. Hayo ni maswali ya hesabu yanayohitaji mtu akae stesheni na sokoni kwa wiki kadhaa. Hayajibiwi kwa kumwuliza karani kama anakubali sana au anakubali kiasi.

Najua wenzangu wa idara za biashara watakuwa na majibu yao, na ni haki yao kusikizwa. Watasema kwamba mhadhiri mmoja husimamia wanafunzi wengi kupita kiasi, na kwamba hojaji ndiyo njia ya pekee ya kuwamaliza kwa wakati. Watasema kwamba mwanafunzi wa jioni ana kazi ya kuajiriwa na hawezi kulala kiwandani. Watasema pia kwamba ofisi nyingi hazitoi takwimu, na kwamba afisa anayechunguza bohari ya mwajiri wake anaweza kujikuta amekalia kuti kavu. Hoja hizi ni za kweli, na sitazipuuza.

Lakini hebu tuzipime. Ikiwa msimamizi ana wanafunzi wengi mno, dawa ni kupunguza idadi au kuongeza wasimamizi, si kupunguza maana ya shahada. Ikiwa mwanafunzi ameajiriwa bohari, basi amekwisha kuwa mahali pa utafiti. Kinachokosekana ni idhini ya kukitazama kile anachokishika kila siku. Ama juu ya takwimu zilizofichwa, si kila kitu kimefungiwa kabatini. Lori linaloingia Karatina linaweza kuhesabiwa na mtu yeyote aliyesimama kando ya barabara. Kreti ya nyanya inaweza kupimwa asubuhi na kupimwa tena jioni. Muda aungojao mkulima kwenye mzani unaweza kuandikwa kwa saa ya mkononi. Elimu nyingi ya dunia hii ilianza kwa mtu aliyesimama mahali akahesabu.

Wapo pia watakaosema kwamba lugha ya taaluma hii ni Kiingereza, na kwamba mwanaisimu anavuta kamba upande wake. La hasha. Sisemi shahada zifundishwe kwa Kiswahili kesho asubuhi. Ninachosema ni kwamba katiba yetu, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Chama cha ushirika chenye wanachama maelfu hakiendeshwi kwa Kiingereza kwenye mkutano wake mkuu. Hati za zabuni kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza kizito, ilhali sheria imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za umma. Fungu lililotengwa kwa lugha asiyoielewa mwenye fungu ni fungu nusu. Mtaalamu asiyeweza kumweleza mama wa Othaya kwa lugha anayoielewa ni kwa nini malipo yake yamekatwa, hajahitimu bado, hata akiwa na joho la rangi gani.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na yote yawezekana bila kusubiri fedha za wafadhili.

Kwanza, kila tasnifu ya uzamili ya ugavi iwe na kitu kilichopimwa: saa, kilo, kilomita, shilingi au digrii za joto. Maoni ya watu yana nafasi yake, lakini yaje baada ya kipimo, si badala yake.

Pili, vyuo vigawane mlima. Karatina wana soko, Kirinyaga wana mpunga wa Mwea, Murang'a wana avokado, Meru wana miraa, na Dedan Kimathi wamezungukwa na kahawa, tena wanailima wenyewe. Kila chuo kikishikilia zao moja au mawili kwa miaka kumi mfululizo, huku mwanafunzi wa mwaka huu akianzia alipoachia wa mwaka jana, tutapata maarifa yanayokua badala ya tasnifu mia zinazoanza upya mahali pale pale.

Tatu, kila tasnifu iambatishwe muhtasari wa kurasa tano kwa Kiswahili sanifu, na nakala yake ipelekwe kwa chama cha ushirika, soko au hospitali iliyotafitiwa. Idara za Kiswahili, ambazo wakati mwingine hulalamika kwamba hazina kazi nje ya fasihi, ziwasaidie wanafunzi hao kwa istilahi. Mimi niko tayari, na najua wenzangu wengi wako tayari. Naamini tafsiri ingetusaidia kwa namna nyingine pia: wazo lisilotafsirika kwa lugha ya mhusika huenda halikuwa wazo.

Nne, walimu wa shule za upili wasingoje chuo kikuu. Mwalimu wa biashara, wa jiografia na wa hisabati wanaweza kuwapeleka wanafunzi sokoni siku moja kwa muhula wahesabu, wapime na waulize. Kijana aliyezoea kuhesabu magunia akiwa shule ya upili hatadanganyika na hojaji tupu akifika uzamili.

Namalizia kwa kurudi Karatina. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilihitaji mboga za kuwalisha wanajeshi. Kiwanda cha kukausha mboga kikajengwa pale Karatina, wakulima wakahimizwa kulima, na mboga za mlimani zikakaushwa na kusafirishwa hadi kuliko na majeshi. Mnyororo mzima ulipangwa kwa muda mfupi, kwa sababu mwenye nguvu alitaka kula. Vita vilipokwisha, kiwanda kikafungwa, wakulima wakapinga na kulalamika, lakini hawakusikizwa. Waliokuwa wakilisha jeshi wakabaki na mboga zao.

Funzo ninalolipata ni kwamba minyororo ya ugavi haioti yenyewe kama magugu, wala haikatiki yenyewe. Watu huipanga na watu huikata, na anayejua jinsi ilivyopangwa ndiye anayeweza kuuliza fungu lake limekwenda wapi. Wananchi waliochanga harambee katika miaka ya 1970 ili watoto wao wapate taasisi ya ufundi pale Nyeri, walichanga kutokana na kahawa, chai na maziwa. Deni lao bado halijalipwa. Litalipwa siku msomi wa ugavi atakaposimama mbele yao, si kwa joho tu, bali kwa hesabu kamili, akawaonyesha kila kilo ilikopita na kila shilingi ilikobakia. Hapo ndipo neno ugavi litakapokuwa limerudi nyumbani kwa mzazi wake, gawa.